Alasiri ya mchezo Lamu: namna ya kuwaandalia watoto wa mtaa

Watoto wa Lamu bado wanakutana nje, wakubwa kwa wadogo. Kinachowapungukia ni wakati. Asubuhi shule, mchana chuo cha Kurani, na wakirudi nyumbani simu ya mama iko mezani inawangoja. Mwongozo huu ni wa kuwapatia saa moja na nusu ya mchezo, kuanzia saa kumi, watu wakishatoka kuswali Alasiri, hadi saa kumi na moja na nusu. Watoto wawe sita mpaka wanane, wa miaka mitatu hadi saba, na mtu mzima mmoja wa kuwaangalia. Wakizidi hapo, tafuta mtu mzima wa pili au wagawe siku.

Usiwachague wa rika moja. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyeishi kati ya 1896 na 1934, alieleza kwamba yako mambo ambayo mtoto peke yake hayawezi, ila akiwa na mwenzake aliyemtangulia huyaweza, na kesho yake huyafanya bila msaada. Aliyemtangulia hatua moja ndiye mwalimu mzuri. Aliyemwacha mbali hamfundishi, humfanyia. Kwa hiyo changanya: wawili wa miaka mitatu au minne, watatu wa mitano, wawili wa sita au saba. Mkubwa naye hapotezi kitu. Mwaka 1973 Marilyn Shatz na Rochel Gelman walionyesha kwamba mtoto wa miaka minne akizungumza na wa miaka miwili hufupisha sentensi zake, jambo ambalo hafanyi akisema na mtu mzima. Yaani tayari anapima mwenzake anaelewa nini, na hilo halifundishiki kwa ubao na chaki.

Mahali: ua wa nyumba au kiwanja cha mchanga ndipo bora. Baraza inafaa kwa michezo ya kukaa, lakini vichochoro vya Mkomani na Langoni ni vyembamba, na punda mwenye mzigo wa mawe hampishi mtoto aliyechuchumaa. Kaeni mbali na ukingo wa bahari. Kabla watoto hawajafika, pitia chini kwa macho na kwa mkono: vigae, misumari, miba ya samaki. Beseni la maji usiliache wazi kama kuna mtoto mdogo. Maji ya sentimita tano yanatosha kumzamisha.

Vifaa havinunuliwi. Kusanya vifuu kumi na viwili, uvisugue kingo kwa msasa hadi visikwaruze kiganja. Ongeza vizibo vya soda arobaini, leso kuukuu tatu, pakacha mbili, kopo moja la kibaba na jingine la pishi, kamba ya makumbi ya mita nne, na vijiwe laini ishirini. Kitu chochote chembamba kuliko sentimita nne, vizibo, komwe na vijiwe vikiwemo, kisifike mkononi mwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, kwa sababu kinakwama kooni. Mdogo akija na dada yake, vitu hivyo vipandishwe barazani kwanza. Hakuna mjadala hapo.

Hesabu ya vifaa ina maana kuliko inavyoonekana. Kila mtoto akipewa kifuu chake, kibaba chake na leso yake, watacheza bega kwa bega bila kusemezana. Kikiwepo kimoja tu, ni vita. Kwa watoto wanane toa vifuu vitano, pakacha mbili na kibaba kimoja, vingine vibaki pembeni. Uchache wa namna hiyo unawalazimisha kuulizana, kuazimana na kungoja zamu.

Anzeni na duka. Tandika leso chini, weka vifuu vya mchanga: huu mchele, huu unga, huu sukari. Mpe kila mtoto vizibo vitano viwe pesa, kisha sema jambo moja tu, "Duka limefunguliwa," ukakae. Dakika kumi za mwanzo zitaonekana fujo. Usizipange. Wanabishana nani muuzaji, bei gani, nani aliyechukua bila kulipa, na ubishi huo ndio somo lenyewe. Tazama mtoto wa miaka mitano aliyeshika kibaba. Kwenye mchele wa kweli jikoni angemwaga. Hapa anajaza, anapangusa juu kwa kiganja, anamimina taratibu, kwa sababu "muuzaji hamwagi". Anajizuia ili abaki muuzaji. Baada ya siku tatu nne mwulize pishi inataka vibaba vingapi. Awe ameshagundua ni vinne kabla hujamwambia.

Ukiona mchezo unafifia, usiamrishe mwingine. Ingia kama mteja: "Nataka vibaba viwili vya mchele, nina vizibo vitatu, nirudishie chenji." Ukishanunua, ondoka. Mtu mzima anayekaa dukani kutwa huligeuza kuwa darasa, na watoto huanza kumtazama yeye badala ya kutazamana. Dawa yake ni kuwa na kazi mkononi: kofia ya kushona, mchele wa kuchagua. Ukae pa kusikia, si pa kuingilia.

Ugomvi ukianza, hesabu moja hadi ishirini moyoni. Mwingi huisha kabla ya kumi na tano. Usingoje ikiwa mmoja anapigwa, ikiwa kuna kitu mdomoni, au ikiwa mtoto yuleyule anafukuzwa kila siku. Ukifika, piga goti ulingane nao kimo, ushike kile kinachogombewa, umwache kila mmoja aseme. Rudia maneno yao: "Wewe unasema ulikishika kwanza. Na wewe unasema zamu yako haijafika." Kisha uliza, "Sasa tufanyeje?" na unyamaze. Kosa kubwa la majumbani kwetu ni lile la "Mpe, huyo ni mdogo." Mkubwa hujifunza kuficha vitu, na mdogo hujifunza kwamba kilio kinalipa.

Mtoto anayesimama pembeni akitazama asivutwe mkono. Mildred Parten, katika utafiti aliouchapisha Marekani mwaka 1932, aliorodhesha kutazama miongoni mwa hatua za kushiriki, pamoja na kucheza peke yake, kucheza kando ya wenzake, na mwishoni kucheza nao kwa lengo moja. Mwache atazame siku mbili tatu. Halafu mfundishe namna ya kuingia: asiulize "Nicheze?", maana jibu jepesi la swali hilo ni "Hapana." Aangalie duka linakosa nini, akilete. Mpe pakacha yenye mchanga aseme, "Mzigo wa unga umefika." Mchukuzi hafukuzwi.

Nusu saa ya mwisho ni ya mdako, kwa wenye miaka mitano kwenda juu. Chimbeni kishimo cha upana wa kiganja, mtie vijiwe kumi. Mchezaji anarusha jiwe moja juu, anakokota vijiwe nje ya shimo, analidaka. Anarusha tena, anavirudisha vyote isipokuwa kimoja, ambacho ni chake. Akikosa kudaka, zamu inahama. Wanaoshindwa kudaka waanze na vijiwe vitano, au warushe kifundo cha kitambaa, ambacho ni rahisi kukishika. Watoto wakitaka kubadili sheria, waacheni, ili mradi wote wamekubali kabla ya kurusha.

Saa kumi na moja na robo tangaza kwamba duka linakaribia kufungwa. Ukikatiza ghafla utapata vilio. Vifuu wavihesabu na kuvipanga wenyewe. Kikipungua, watafute wao.

Mtoto aliyefika miaka mitatu, haigizi chochote, hawatazami wenzake na hageuki akiitwa jina, usiseme atakua tu. Mpeleke kliniki, na uombe wampime masikio kwanza.