Mbegu ya waru toka shamba lako: chagua mimea ikiwa bado kijani

Wengi wetu tunakaa Nairobi na tuko na ka-shamba ka waru huko Kinangop ama Ol Kalou, na mchezo ni ule ule, ikivunwa zile kubwa zinaenda Marikiti, zile ndogo ndogo zinabaki stoo ziwe mbegu. Shida ni kwamba hizo ndogo mara nyingi ni za mmea ulioshikwa na virusi, kwa hivo kila msimu unapanda ugonjwa halafu unashangaa mbona magunia yanapungua. Na virusi havina dawa ya kuponya, mtu wa agroveti akikuuzia hiyo amekula pesa yako.

Mbegu ya cheti ukiipata na mfuko ukubali, anza nayo. Kama sivyo, fanya hivi. Waru zikikaribia kutoa maua, kabla majani hayajafunga mistari, ingia na vijiti, kila mmea wenye nguvu na kijani sawasawa uchomekee kimoja. Wenye majani ya mabaka mabaka na yamekunjamana ruka, hiyo mara nyingi ni PVY, aina moja ya virusi vya waru. Ile nyingine ya kukunja majani utaijua kwa mkono, majani ya chini yamejikunja kwenda juu, ni magumu, ukiyafinya yanalia kama karatasi. Wiki mbili hivi zikiisha rudi ung'oe vijiti kwa iliyoharibika. Hapa usitume kijana akupigie picha, nenda mwenyewe, picha haifinyiki.

Ukipata mmea umenyauka na mchanga bado una maji, kata shina chini, lishike ndani ya glasi ya maji safi. Uzi mweupe wa maziwa ukianza kushuka, hiyo ni bakteria, sahau mbegu ya hilo shamba lote.

Kupiga dawa ya vidukari, wale wadudu wadogo wa kunyonya majani wanaosambaza hivi virusi? Kwa ule ugonjwa wa kukunja majani inasaidia, juu kidukari lazima anyonye muda mrefu ndio aambukize, lakini PVY anaiacha akionja tu, dawa haijamuua.

Siku ya kuvuna anza na za vijiti kabla vibarua hawajaingia, mmea mmoja mmoja. Ukichimba upate mbili tatu tu, ama zimepinda pinda, hizo ni za sufuria. Zenye zimezaa vizuri weka kando, saizi ya yai inatosha, zikae penye hewa na mwanga kiasi bila jua kali. Na chomeka vijiti vingi kuliko unavyodhani utahitaji, kuna mimea itakudanganya na majani.