Among Us: ukireport maiti usitaje chumba kwanza

Watu wangu wa Kondele na Manyatta mnaocheza Among Us (ile gemu imposta, yaani wauaji waliojificha kati yenu, wanaua wenzao, na mtu akireport maiti mnakutana kupiga kura ya kumtoa mshukiwa) usiku na bando za bei rahisi, tafadhali ukiipata maiti usikimbilie kuandika "iko kwa chumba cha stima". Mkutano ukianza gemu haiambii mtu maiti imepatikana wapi, ni wewe uliyereport unajua, na muuaji, na labda aliyepita hapo akanyamaza. Sasa wewe uliza tu kila mtu alikuwa wapi na nani, alafu tulia usome chati. Utashangaa vile kuna mtu atajitetea "mimi sikuwa upande wa stima" na hakuna mtu ametaja stima, huyo mbane vizuri kabla ya kura.

Na si lazima mpigie kura yule anapiga kelele, hiyo tabia inaniuma sana juu wasichana wapya wanatolewa kila mara kwa sababu wameogopa kuongea. Heri mwambie mtu mwenye kazi ya kuskeni aende akaskeni pale MedBay, chumba cha matibabu, mkiangalia, kama settings zinaruhusu kazi ya mtu kuonekana na wengine (visual tasks), juu imposta hawezi kuskeni.

Hesabu pia muhimu. Mkibaki 5 na imposta ni 2, mkitoa mtu msafi mnabaki 2 kwa 2 na gemu imeisha hapo hapo, juu imposta wakilingana na wasafi wameshinda. Mkibaki 7 mko na nafasi ya kukosea mara moja, kwa hivyo pigeni kura mapema mkiwa wengi.