Kabla ya kumkabidhi msimamizi wa mfumo msimbo wa nywila

Hundi ya SACCOS haitoki benki kwa saini moja. Sasa kwa nini msimbo unaopokea nywila za wanachama wote ubaki mikononi mwa mtu mmoja? Akiongeza mstari mmoja tu, mahali ambapo nywila bado haijasagwa (yaani haijageuzwa kuwa mfuatano wa herufi usioweza kurudishwa kuwa nywila), kila atakayeingia asubuhi hiyo ataiacha nywila yake kwenye faili la kumbukumbu za seva, inasomeka herufi kwa herufi. Wala si lazima awe na nia mbaya. Mei 2018 Twitter iliwashauri watumiaji wake wapatao milioni 330 wabadilishe nywila, kwa kuwa hitilafu ilikuwa inaziandika kwenye kumbukumbu za ndani kabla bcrypt, njia mojawapo ya kusaga nywila, haijamaliza kuzisaga.

Kwa hiyo, kabla ya yote, kubalianeni kwamba badiliko lolote la msimbo huo halipandishwi kwenye seva mpaka mtu wa pili alisome. Kama fundi wenu ni mmoja, mlipeni wa nje kwa saa. Kumbukumbu za alichofanya msimamizi nazo ziende kwenye seva nyingine, asikoweza kufuta kitu. Mwelezeni wazi kwamba hapo hamumshuku: siku akaunti ya mwanachama ikichotwa, wa kwanza kunyooshewa kidole ni yeye, na kumbukumbu hizo ndizo zitakazomtetea.

Kisha muulizeni: mwanachama akisahau nywila yake, unaweza kumwambia ilikuwa ipi? Akijibu ndiyo, msiendelee. Nywila inatakiwa isagwe kwa bcrypt au Argon2, njia nyingine ya aina hiyo, kila nywila na chumvi yake (herufi za nasibu zinazochanganywa nayo kabla ya kusagwa), isirudishike hata kwa aliyeandika mfumo. MD5, njia ya zamani ya kusaga, haifai kabisa kwa kazi hii. Majaribio yafanyike kwa majina ya kubuni, si kwa nakala ya daftari la wanachama.

Mwaka 2008 mhandisi wa mtandao wa jiji la San Francisco aligoma kutoa nywila za mitambo, akawekwa ndani, na mwishowe akazikabidhi kwa meya Gavin Newsom mwenyewe. Ninyi nywila za mitambo yenu ziwekeni kwenye bahasha, mwenyekiti na mweka hazina watie saini juu ya gundi, ifungiwe kwenye sefu. Msimamizi akiondoka, hata kama mmemfanyia sherehe ya kumuaga, nywila na funguo zote za kuingilia mfumo zibadilishwe siku hiyo hiyo.