Somo: Kufungua mafaili yaliyobanwa kwa amri (tar.gz, zip, 7z)

Swali la "tar.gz inafunguliwaje" likija tena, mwelekezeni hapa. Amri hizi ni za Linux.

1. Ingia kwenye folda lenye faili:
cd ~/Downloads

2. Chungulia kwanza:
tar -tf stakabadhi.tar.gz | less
unzip -l picha.zip
Mistari yote ikianza na jina la folda moja, sawa. Kama mafaili yametapakaa, yatachanganyikana na vitu vyako.

3. Tengeneza folda la kutolea:
mkdir kazi

4. Toa:
tar -xf stakabadhi.tar.gz -C kazi

Hapa tulia. x ni kutoa, c ndogo ni kufunga, na kwenye kibodi zimepakana. Ukitaka kutoa faili moja tu, amri ni tar -xf stakabadhi.tar.gz januari.csv. Kidole kikiteleza ukaandika -cf, tar haikuulizi: inafuta kifurushi chako na kuanza kuandika kipya kwa jina lilelile, hata kama hiyo januari.csv haipo. Hakuna pipa la taka la kukiokotea. Tena, unzip ikikuta faili lenye jina sawa huuliza. Tar hulifuta kimya kimya. Ongeza -k ili isiguse yaliyopo. C kubwa ni ya kutaja folda, na folda lazima liwepo. Herufi z (kama kwenye -xzf) huihitaji, tar hutambua yenyewe gz, bz2 na xz.

5. Zip: unzip picha.zip -d kazi
7z: 7z x faili.7z -okazi (bila nafasi baada ya o). Usitumie e, inamwaga kila kitu kwenye folda moja.

MASWALI

Masasi: Nimefuata yote haifunguki, nisaidie haraka.
— Imeandika nini? Bandika maneno yenyewe.

Masasi: not in gzip format
— Andika file stakabadhi.tar.gz. Ikijibu HTML, ulichoshusha ni ukurasa wa tovuti, si faili. Kashushe upya.

Masasi: Kwa hiyo somo lina kosa?
— Somo halina kosa. Soma jibu.

Nachingwea: Shikamoo mwalimu. Bando lilikata katikati. Zip imegoma kabisa, ila tar.gz imetoa nusu ya mafaili ndipo ikasema unexpected end of file. Kwa nini?
— Marahaba, swali zuri. Zip huweka orodha ya vilivyomo mwishoni mwa faili. Mkia ukikosekana, unzip haijui pa kuanzia. Tar husomwa kuanzia mwanzo, kila faili na kichwa chake, kwa hiyo yaliyotangulia yanatoka. Lile la mwisho kutoka usiliamini, huenda limekatika. Usishushe upya yote: tumia wget (amri ya kushusha), wget -c na kiungo kilekile, itaendelea ilipoishia kama seva inaruhusu. Kisha gzip -t, au unzip -t kwa zip, kuhakiki.

Lindi mjini: Nyongeza. chmod a-w stakabadhi.tar.gz kabla ya kuanza, inaondoa ruhusa ya kuliandika faili. Hata ukiandika c, inakataliwa.
— Asante dada, hiyo nzuri. Ila ukitumia sudo (kuendesha amri kama msimamizi) haikulindi.

Newala: Video iliyotoka ni GB 6, flashi inakataa na nafasi ipo.
— Flashi yako imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, haipokei faili moja linalofika GB 4. Hamisha vilivyomo, uifomati exFAT.

Masasi: Imekubali.