Mnataka kuunganisha madhehebu? Anzeni na swali la wachungaji

Watu wakisikia madhehebu mawili ya kiprotestanti yanataka kuungana wanadhani kazi kubwa ni kulinganisha imani, huyu anabatiza watoto wachanga yule anazamisha watu wazima, huyu ana askofu yule hana, basi wabishane mpaka mmoja akubali kashindwa. Sio hivyo. Imani huwa inapatiwa njia, kinachoua mazungumzo ni swali moja tu, mchungaji wetu kwenu ni mchungaji kweli au mnamuona bado?

Ila tuanze na imani. Msijaribu kuandika ungamo moja (yaani tamko rasmi la imani) la kufuta mengine yote, tafuteni kiasi kinachotosha. Mwaka 1973 kule Leuenberg, Uswisi, Walutheri na wafuasi wa mapokeo ya Calvin walikubaliana kuhusu Injili, wakasema zile laana walizorushiana karne ya 16 haziwahusu tena waliopo leo, wakashirikiana meza ya Bwana na mimbari, na kila kanisa likabaki na ungamo lake na uongozi wake. Hiyo nayo ni njia, na kama hamna haraka ya kuwa kanisa moja mnaweza kuishia hapo.

Ubatizo, ruhusuni aina zote mbili. Kanisa la India Kaskazini liliundwa 1970 likiwa na Waanglikana na Wabaptisti humohumo, mzazi anaweza kubatiza mtoto au kumsubirisha mpaka aamini mwenyewe. Kazi iko kwa yule aliyebatizwa mchanga halafu amekua anataka azamishwe, hilo amueni kabla ya kusaini chochote maana litakuja tu.

Sasa wachungaji, hapa kaeni sana, maana wapo wanaosema mchungaji ambaye hakuwekewa mikono na askofu bado sio mchungaji. Uingereza, Waanglikana na Wamethodisti walipanga ibada ambayo maaskofu wangewawekea mikono wachungaji wa Kimethodisti, maneno yake yakaachwa na utata makusudi, ukitaka unaona ni baraka, ukitaka unaona ni kuwekwa wakfu upya. Wajanja sana, ila ujanja wenyewe ndio ukawaponza, watu wakauliza hii ni nini hasa? 1969 Wamethodisti wakapitisha, Waanglikana walitakiwa kufika asilimia 75 wakaishia 69, wakajaribu tena 1972 ikagoma. India Kusini walifanya kinyume, Waanglikana, Wamethodisti, Wapresbiteri na Wakongrigesheni waliungana 1947 wakasema wachungaji wote waliopo wanapokelewa kama walivyo, hakuna kurudia kuwekewa mikono, ila kuanzia siku hiyo kila mpya atawekwa na askofu, na usharika usiomtaka mchungaji wa mapokeo mengine haulazimishwi kumpokea, wakajipa miaka 30 mambo yajipange yenyewe. Yaani waliachia muda ufanye kile kamati ingeshindwa. Mimi naona hii ndio akili kubwa kuliko zote kwenye historia ya hizi miungano, igeni.

Mali: viwanja, majengo, mafao ya wachungaji wastaafu. Tafuteni wakili mapema, kwasababu kiwanja kiko kwa jina la wadhamini wa kanisa la zamani na muungano ukifika huyo mwenye hati hayupo tena kisheria. Canada, Wapresbiteri waliungana na wenzao 1925 na walihitaji sheria ya bunge kabisa, na sheria hiyo ikaruhusu kila usharika wa Kipresbiteri kupiga kura ya kubaki nje, karibu theluthi ya Wapresbiteri wakabaki. Australia 1977 hivyohivyo, theluthi hivi ya Wapresbiteri hawakuingia. Kwahiyo hesabuni kabisa kwamba kuna watakaokataa na muwaandikie mlango wa kutokea na mgao wao, maana mkiwabana mtaishia na makanisa matatu badala ya moja. Muulizeni mfalme wa Prussia, dola ya zamani ya Kijerumani, 1817 alitangaza muungano wa Walutheri na Wareformed (wale wa mapokeo ya Calvin) kutoka juu, baadaye akawabana waliokataa, wengine wakapanda meli na kanisa lao mpaka Australia.

Kura zipigeni mpaka ngazi ya usharika, sio sinodi (mkutano mkuu wa kanisa) peke yake, na asilimia ya kupitisha ijulikane kabla sio baada ya kuhesabu. Na kwenye kamati wekeni vijana wa kutosha, Uholanzi walianza safari hii 1961 wakaungana 2004.