Kutengeneza vishada vya argoni kwenye laptopu, hata ukiwa Malindi

Malindi hatuna maabara ya baridi kali. Lakini sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu vishada, yaani mafungu madogo ya atomi zilizoshikana, imetokana na hesabu, na hesabu zenyewe laptopu ya kawaida inaziweza. Mwongozo huu ndio ninaoutumia kufundishia. Unahitaji lugha ya programu ya Python na maktaba zake mbili za hesabu, NumPy na SciPy, zote za bure. Zishushe mapema penye wifi ya maana. Baada ya hapo intaneti huihitaji tena.

Hatua ya 1: Jua unaiga nini

Wengi huiruka hatua hii wakakimbilia programu, halafu wakipata namba hawajui ni ya nini.

Maabarani, gesi yenye shinikizo kubwa hupitishwa kwenye kitundu chembamba sana na kutokea upande wenye ombwe. Inapotanuka ghafla, mwendo wa ovyo wa atomi hugeuka kuwa mwendo wa kuelekea upande mmoja, na halijoto hushuka hadi kelvini chache. Hapo atomi huanza kushikana. Ila mbili peke yake zikigongana haziwezi kushikana: nishati ya mgongano haina pa kwenda, basi zinaachana palepale. Lazima iwepo ya tatu ya kuondoka na nishati ile. Ndiyo maana hutumiwa shinikizo kubwa, na mara nyingi gesi ya argoni huchanganywa na heliamu, ambayo kazi yake ni kuchukua joto na kwenda zake.

Baadaye kishada hugeuzwa ioni (hupewa chaji ya umeme) na kupimwa uzito wake. Mwaka 1981 Echt, Sattler na Recknagel walivipima hivyo vishada vya zenoni, wakaona vile vya atomi 13, 55 na 147 vinajitokeza kuliko jirani zake. Wengine hutumbukiza molekuli ndani ya matone ya heliamu yenye kelvini 0.37, kisha huyamulika kwa leza ya infraredi. Kwa njia hiyo Nauta na Miller, mwaka 2000, walionyesha molekuli sita za maji zikiwa zimejipanga kama pete, umbo ambalo si la nishati ya chini kabisa. Baridi ile ilizigandisha kabla hazijajipanga upya.

Hatua ya 2: Zoea vipimo vyetu

Hatutumii juli wala mita. Nishati inapimwa kwa kina cha mvutano wa atomi mbili, yaani nishati ya kuzitenganisha, na kina hicho tunakiita 1. Kwa argoni, 1 hiyo ni sawa na kelvini 120 hivi. Mchana wa kaskazi hapa Malindi, nyuzi 32, ni kelvini 305, yaani kama 2.5 kwa vipimo vyetu. Kishada cha atomi 13 huanza kuyeyuka karibu na 0.3 tu, kelvini thelathini na kitu. Pande kubwa la argoni hustahimili hadi kelvini 83.8, kwa sababu atomi zake nyingi zimezungukwa pande zote; kwenye kishada karibu zote ziko juu juu.

Hatua ya 3: Andika programu

```
import numpy as np
from scipy.optimize import minimize

def nishati(x):
    p = x.reshape(-1, 3)
    i, j = np.triu_indices(len(p), 1)
    r2 = ((p[i] - p[j])**2).sum(axis=1)
    k = 1 / r2**3
    return 4 * (k*k - k).sum()

n = 13
bora = 0
for jaribio in range(200):
    x = np.random.uniform(-1.5, 1.5, 3*n)
    m = minimize(nishati, x, method="L-BFGS-B")
    if m.fun < bora:
        bora = m.fun
        np.save("kishada.npy", m.x)
print(bora)
```

Ule mstari wa `np.save` usiufute. Stima zetu mnazijua.

Kila jaribio linatupa atomi ovyo, kisha `minimize` inaziteremsha hadi kwenye bonde la karibu la nishati. Kuteremsha huko ndiko kupoza: inafanya kazi ya ile atomi ya tatu.

Hatua ya 4: Anza na atomi chache

Weka n kuwa 2, 3, halafu 4. Majibu ni -1, -3 na -6: kila jozi inagusana kwa umbali ule hasa inaoupenda. Ukipata tofauti, kagua programu kabla ya kuendelea.

Kisha weka 5. Jozi sasa ni 10, lakini jibu ni -9.1039. Atomi tano haziwezi zote kuwa umbali sawa kwa sawa. Jozi tisa zinagusana, ya kumi inatazamana kwa mbali na kuchangia 0.1 tu. Kuanzia hapa umbo la kishada ni mapatano.

Hatua ya 5: Kumi na tatu

Jibu sahihi ni -44.3268. Umbo lake ni ikosahedroni, umbo lenye nyuso 20 za pembetatu: atomi moja katikati, 12 kuizunguka, migusano 42. Chora picha uone kwamba migusano 12 ya kwenda katikati imebanwa kidogo, na ile 30 ya juu imevutwa kidogo.

Majaribio mengi hayatafika hapo. Kishada hiki kina mabonde kama 1,500, na lililo chini kabisa ni moja. Ukikwama, ongeza majaribio. Ukiona nishati hafifu mno, angalia kama kuna atomi iliyotoroka. Ikishakwenda mbali haivutwi tena.

Sasa endesha n = 12 na n = 14. Utapata -37.9676 na -47.8452. Atomi ya 13 ilipoingia ilileta nishati ya 6.36, ya 14 ikaleta 3.52 tu, maana imekaa nje ya duara lililokwisha kamilika. Inang'oka kirahisi, na kishada kinarudi kuwa cha 13. Hapo unaielewa ile namba ya mwaka 1981.

Hatua ya 6: Ukitaka kazi ngumu, 38

Kuanza ovyo hakutakufikisha. Tumia `basinhopping` ya SciPy, inayoruka kutoka bonde hadi bonde. Njia hii Wales na Doye waliichapisha mwaka 1997. Weka T, yaani halijoto ya mirukio, iwe 0.8. Andika pia fomula ya mteremko wa nishati uipe kama `jac`, la sivyo kompyuta itaukadiria kwa viratibu vyote 114 kila hatua, na itakata tamaa kabla haijafika chini.

Lengo ni -173.9284, umbo la oktahedroni (lenye nyuso nane) iliyokatwa pembe. Ukisimama kwenye -173.2524, umenaswa upande wa ikosahedroni, ambao ni mpana na huvutia karibu kila anayeanza. Usihangaike kuusukuma, tupa, anza na atomi mpya.