Agosti si likizo: mambo ya kuzingatia kabla ya mchujo wa Minnesota

Wenzetu wengi wa Afrika Mashariki hapa Brooklyn Park, Minnesota, hujiandaa kwa Novemba. Novemba ndipo wanapoomba ruhusa kazini, wanapokorofishana kwenye makundi ya WhatsApp, na wanapojipiga picha na kile kistika chekundu cha kuonyesha kwamba wamepiga kura. Agosti wengi wako safarini: shule zimefungwa, na tiketi za Nairobi na Dar zilikatwa tangu Machi. Kumbe katika sehemu kubwa ya jimbo hili, mtu anayekwenda Kongresi, bunge la taifa, anapatikana Agosti, kwenye mchujo ambapo kila chama kinapata mgombea wake. Novemba anathibitishwa tu.

Chukua eneobunge la 5, yaani Minneapolis na vitongoji vyake. Tarehe 9 Agosti 2022, Ilhan Omar, aliyezaliwa Mogadishu na kukaa miaka minne kwenye kambi ya wakimbizi nchini Kenya, alimshinda Don Samuels, Democratic mwenzake, kwa tofauti isiyofika kura 2,500, katika mchujo uliopigiwa kura zaidi ya laki moja. Ilikuwa chupuchupu. Miezi mitatu baadaye, kwenye uchaguzi wenyewe, alizoa karibu robo tatu ya kura. Sasa jiulize ni siku ipi kura yako ilikuwa na uzito. Upande wa mashambani mambo ni yaleyale, ila rangi zimegeuka: eneobunge la 7, magharibi mwa jimbo, ni ngome ya Republican, na ushindani wa maana huko ni wao kwa wao.

Mchujo ujao ni Jumanne tarehe 11 Agosti 2026, na mwaka huu mezani kuna zaidi ya viti vinane vya Baraza la Wawakilishi. Mapema 2025, Seneta Tina Smith alitangaza kwamba hatagombea tena. Peggy Flanagan, ambaye ni naibu gavana, na Angie Craig, mbunge wa eneobunge la 2, wakajitokeza kuiwania tiketi ya chama chao cha Democratic. Kwa hatua hiyo kiti cha Craig nacho kikabaki wazi. Viti viwili vikiwa wazi kwa mpigo, majina huwa mengi na simu za kampeni hazilali.

Kabla ya yote, suala la uraia, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wetu wanapoumia. Anayepiga kura ni raia wa Marekani peke yake, mwenye miaka 18, aliyeishi Minnesota angalau siku 20. Grini kadi haikupi kura, hata kama umelipa kodi miaka ishirini. Leseni ya udereva nayo si ushahidi wa uraia: tangu Oktoba 2023 jimbo hili hutoa leseni bila kujali hali yako ya uhamiaji. Sheria nyingine ya mwaka huohuo iliweka utaratibu wa kumwandikisha mpiga kura moja kwa moja pale anapoomba leseni, iwapo karatasi zake zinaonyesha ni raia. Ikitokea wewe si raia na ukapata barua inayosema umeandikishwa, usiitupe na usiicheke. Wasiliana na ofisi ya uchaguzi ya kaunti yako, omba jina litolewe, na uweke nakala ya kila kitu. Sheria za uhamiaji za mwaka 1996 ni kali mno kwa asiye raia anayepiga kura au kudai uraia wa uongo. Zinaweza kukufungia mlango wa uraia moja kwa moja, na zinaweza kukurudisha nyumbani kwa njia usiyoitaka.

Asiye raia hajanyimwa kila kitu, lakini. Anaweza kujitolea kwenye kampeni, kugonga milango, kutafsiri. Mwenye grini kadi anaruhusiwa hata kuchangia fedha. Aliyefungwa zamani naye asikate tamaa: tangu Juni 2023, raia aliyetoka gerezani anaruhusiwa kupiga kura hata kama bado yuko chini ya uangalizi wa mahakama.

Linalofuata ni kujua uko eneobunge gani, na kiti unachokipigia kura ni kipi. Nasema hivi kwa sababu mwaka 2024, Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alipochaguliwa kutoka Brooklyn Park, simu zilizotoka nyumbani zilitupongeza kwa kupata "mbunge wa Marekani". Ushindi ulikuwa mkubwa, tulisherehekea na bado tunasherehekea, lakini kiti chake ni cha bunge la jimbo, kule St. Paul. Jimbo lina seneti yake na baraza lake la wawakilishi, taifa nalo lina vyake, na vyote vinaweza kuwa kwenye karatasi moja. Soma kichwa cha kila sehemu kabla hujajaza kiduara.

Mipaka ya sasa ilichorwa mwaka 2022 na jopo la majaji, baada ya wanasiasa kushindwa kukubaliana. Kwa hiyo usitegemee kumbukumbu ya 2020, wala ya jirani. Watu wa kusini mwa jimbo walikipata cha mtema kuni mwaka huohuo: mbunge wao Jim Hagedorn alifariki Februari, na uchaguzi mdogo wa kujaza nafasi yake ukafanyika siku moja na mchujo wa Agosti. Uchaguzi mdogo ulifuata mipaka ya zamani, mchujo ukafuata mipya. Mtu angeweza kukuta jina la mgombea Brad Finstad mara mbili, au mara moja, au asilikute kabisa, kulingana na barabara anayoishi. Tovuti ya Katibu wa Jimbo ina sehemu ya kuweka anwani yako ikakuonyesha kituo chako na sampuli ya karatasi ya kura. Dakika tano tu. Ichapishe, uisome ukiwa na chai yako.

Utakapoisoma utakutana na herufi DFL. Hao ndio Democratic wa hapa. Jina linatokana na muungano wao na chama cha wakulima na wafanyakazi mwaka 1944, na tangu hapo hawajalibadili. Nimeshasikia mtu akilalamika kwamba chama chake hakimo kwenye karatasi.

Sasa kuhusu mchujo wenyewe. Aliyekulia Kenya anajua mchujo wa chama: chama kinaandaa, chama kinahesabu, na mara nyingine cheti anapewa aliyeshindwa. Aliyekulia Tanzania anazijua kura za maoni, wajumbe wanapiga kura kisha kikao cha juu kinaamua. Minnesota mchujo ni kazi ya serikali, wenye vituo vilevile na makarani walewale wa Novemba. Huhitaji kadi ya chama, wala hakuna daftari la wanachama. Kila mpiga kura anapewa karatasi ileile, yenye safu moja kwa kila chama, na akiwa peke yake kwenye kibanda anachagua safu. Hakuna atakayejua uliegemea wapi. (Mchujo wa urais, unaofanyika Machi kila baada ya miaka minne, ni habari nyingine: pale unataja chama, na vyama vikuu hupewa orodha.)

Safu hizo ndizo zinazoponza watu. Ukishaanza kwenye safu ya chama kimoja, baki humohumo mpaka chini. Ukimchagua seneta wa DFL kisha ukaruka kwa Republican kumchagua mbunge, kura zako zote za vyama zinaharibika, zinabaki zile zisizo na vyama kama za majaji. Ukiwa kituoni, mashine inaikataa karatasi na unaweza kuomba nyingine. Mjomba wangu alipiga kwa posta, akachagua "watu wazuri wa pande zote mbili" kama alivyotueleza kwa fahari mezani. Bahasha haina mashine ya kumwonya. Hatukuwa na moyo wa kumwambia mpaka Krismasi.

Mshindi ni mwenye kura nyingi kuliko wenzake, basi. Hakuna duru ya pili. Mwaka 2018, Keith Ellison alipoamua dakika za mwisho kuacha kiti cha eneobunge la 5, wagombea walijaa, na Omar akapita na asilimia kama 48. Ada ya kuwania Baraza la Wawakilishi ni dola 300 tu, ya Seneti ni 400, kwa hiyo usishangae kukuta majina ambayo hata Google inayashangaa.

Kabla ya Agosti kuna njia ndefu ambayo wengi wetu hatuigusi. Mwaka usio wa urais, kwa kawaida Jumanne ya kwanza ya Februari, vyama hufanya kokasi: mikutano ya mashinani, kwenye madarasa na kumbi, barafu ikiwa imetanda nje. Hapo huchaguliwa wajumbe, wajumbe huenda kwenye makongamano, na makongamano huidhinisha mgombea, kwa kawaida akifikisha asilimia 60. Mara nyingi chumba kizima kina watu wachache kuliko harusi ya kawaida ya kwetu. Familia tatu zikijipanga zinaweza kupeleka mjumbe. Sijui kwa nini tunaiacha nafasi hii ipite kila mara.

Hata hivyo, kuidhinishwa si kushinda. Mwaka 2010 DFL ilimwidhinisha Margaret Anderson Kelliher kwa ugavana, na Mark Dayton akamwangusha kwenye mchujo. Mwaka 2018 ikamwidhinisha Erin Murphy, akashinda Tim Walz. Na mwaka 2024, kwenye eneobunge la 7, kongamano la Republican lilimalizika bila kumwidhinisha yeyote kwa sababu Steve Boyd alimbana mbunge Michelle Fischbach. Agosti wapiga kura wakamrudisha Fischbach bila taabu. Kwa hiyo kijikaratasi cha mlangoni kilichoandikwa "ameidhinishwa" kinakuambia wanachama wenye bidii wanamtaka nani. Ni habari muhimu, ila si amri.

Kujiandikisha ni rahisi kuliko majimbo mengi. Kwa mchujo huu unaweza kufanya hivyo mapema hadi tarehe 21 Julai. Ukichelewa, unajiandikisha palepale kituoni siku ya kura. Angalia majina yako tu. Sisi tuna majina matatu, manne, la ubatizo, la babu, na kila ofisi ilichagua lake. Andika kama lilivyo kwenye leseni, maana fomu inalinganishwa na namba ya leseni au tarakimu nne za mwisho za Social Security. Ukihama nyumba, hata ghorofa ya pili ya jengo lilelile, andikisha upya.

Ukijiandikisha kituoni, beba uthibitisho wa makazi: leseni yenye anwani ya sasa, au kitambulisho chenye picha pamoja na bili ya umeme, simu au mkataba wa nyumba. Wanaoishi kwa ndugu na hawana bili hata moja kwa jina lao wana njia nyingine, nayo ni kudhaminiwa. Mpiga kura aliyeandikishwa katika eneo la kituo hichohicho anafuatana nawe na kuapa kwamba unaishi hapo. Mmoja anaweza kudhamini hadi watu wanane, lakini aliyedhaminiwa siku hiyo hawezi kumdhamini mwingine. Aliyekwisha kuandikishwa bila tatizo haombwi kitambulisho chochote.

Kwa wanaofanya zamu kwenye nyumba za wazee na maghala, sheria ya jimbo inakupa muda wa kwenda kupiga kura bila kukatwa mshahara, mchujo ukiwemo, na hata ukipiga mapema. Mwambie msimamizi siku kadhaa kabla ili ratiba isiwe kisingizio. Kura za mapema zinaanza tarehe 26 Juni, siku 46 kabla, na hapo ndipo penye dawa ya wasafiri: piga, kisha panda ndege. Kura ya posta inataka saini ya shahidi kwenye bahasha na inatakiwa iwe imefika siku ya uchaguzi. Muhuri wa posta wa siku hiyo hausaidii kitu.

Bibi asiyesoma Kiingereza aende na mjukuu. Ana haki ya kusaidiwa na mtu anayemtaka, mradi si mwajiri wake wala kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi. Mjukuu avue fulana ya mgombea: Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta mwaka 2018 katazo la jumla la Minnesota dhidi ya mavazi ya kisiasa kituoni, ila jina la aliye kwenye karatasi bado haliruhusiwi kuingia kifuani.

Vituo vingi hufunguliwa saa moja asubuhi na vyote hufungwa saa mbili usiku. Ukiwa kwenye foleni saa mbili ikigonga, hakuna wa kukufukuza, hata kama kuna watu hamsini mbele yako.